Maji Mazito

Bi Fusae hachovyi tena kidole kupima joto;
anajua kwa mlio wa mvuke kwenye paipu.
Nyumba yake ya kuogea iko mlimani, nyuma ya Kobe.
Hakuna volkano karibu, hata ya kusingiziwa,
lakini maji hutoka yakichemka,
yakionja hewa huwa mekundu kama kutu,
na chumvi yake ni maradufu ya bahari.
Taulo nyeupe hazidumu hapa.

Nilikwenda Februari na chupa kumi na mbili.
Nikajaza, nikaziba, nikaandika saa kwa penseli,
maana wino hukimbia mvuke.
"Unayapeleka hospitali?"
Karibu na hivyo, nikasema. Kuna mashine
inayozikimbiza chembe hadi konani:
nyepesi hupinda sana,
nzito hupinda shingo upande.

Majibu yakatoka Aprili.
Mvua ya mlima ule ina oksijeni nyepesi.
Ya kwake nzito, nzito mno,
uzito wa maji yaliyoishi na jiwe
hadi yakashika lafudhi yake.
Lithiamu ikaafiki. Boroni ikasita;
nikaipima tena usiku, mimi na pakiti ya biskuti.

Nikarudi, nikamchorea kwenye karatasi ya kufungia sabuni:
sakafu ya bahari inajipenyeza chini ya Japani
kwa mwendo wa kucha zinazoota,
maji yamefungwa ndani ya fuwele zake,
mpaka joto na mgandamizo viikabe koo,
iyaachie.
Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi,
ila si kwa mchukuzi huyu:
akishavuja hukazana, huwa mzito zaidi,
na njia yake ni ya kuteremka tu.
Kilichovuja ndicho kinachoharibu taulo zako.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.
"Yana miaka mingapi?"

Hapo nikakwama.
Isotopu hizi hutaja ukoo, hazitaji umri.

Akacheka hadi akashika ukuta.
"Heri yao. Mimi kila fomu ya kliniki
inataka mwaka, mwezi na siku."

Hakukubali niondoke bila kuoga.
Chumvi ikaniwasha pale nilipokatwa kidole
na karatasi ileile ya majibu.

Kesho yake, kwenye treni ya Osaka,
abiria wa mbele alinikazia macho shingoni.
Nikageuza ukosi wa shati:
mstari wa kutu, mwembamba,
ulionyooka kuliko grafu yangu yoyote.