Kisanduku cha Mwisho

Kabla sijalipa, kiwanda kinaniuliza tena:
tupime umeme, bodi moja baada ya nyingine,
au tuzifunge zilivyo?
Bodi thelathini. Kupima, elfu tisini.
Hapa Tandahimba elfu tisini ni kodi ya banda hili
na bando la mwezi, na chenji ya vitumbua.

Mchopa, mwenzangu, hana simile:
"Wale wanatengeneza mamilioni. Waje wakosee zetu?
Mita tunayo. Macho tunayo."

Macho.
Mwaka jana pia tulikuwa nayo.
Bodi tano, tukazilehemu usiku, tukazivisha maboksi,
tukazifikisha ghalani msimu umeshafunguliwa.
Nne zilisema kweli.
Ya tano ilikuwa na unywele wa shaba,
mwembamba kuliko uzi wa buibui,
umeshikanisha njia mbili zisizojuana.
Haikuzima. Ingezima ningeshukuru.
Iliwasha taa ya kijani, ikatamka: unyevu, kumi na nne,

na Bi Somoe Nangota akapakia magunia yake matatu
akarudi nayo Mahuta, akazianika upya korosho
zilizokwisha kukauka, ukizitikisa zinalia.
Mnada wa pili bei ilishuka.
Hakunilaumu. Alidhani jua ndilo lililomdanganya.

Siku tatu niliusaka unywele ule,
ncha ya mita shimo kwa shimo,
mpaka ikalia pii pasipotakiwa sauti.
Nikaukata kwa wembe. Sekunde moja.

Mchopa anahesabu vidoleni, na haki anayo:
thelathini, labda zote nzima,
tutakuwa tumenunua neno "nzima" kwa elfu tisini.
Sawa. Nalinunua.

Nimeweka alama. Nimelipa.
Halafu usingizi ukanikataa,
maana kiwanda kitapima nilichochora,
si nilichokusudia.
Njia niliyoipeleka kombo kwa mkono wangu
wataikuta kombo vilevile,
watagonga muhuri: sahihi.

Saa nane usiku. Umeme umekatika mtaa mzima,
kompyuta imebakiwa na asilimia kumi na moja.
Naupitia mchoro mstari kwa mstari,
kidole kwenye kioo,
kama anayechambua mchele wa wageni.
Asubuhi wanaanza kutengeneza.
Nimefika njia ya arobaini.