Barafu za Bi Barike

Mlangoni kwake, Langoni, kibao hakijang'olewa:
HAPA BARAFU ZA UKWAJU. SHILINGI KUMI.
Leo ni arobaini. Friji imezimwa, imeachwa wazi,
inanuka bizari na plastiki.

Wanatafuta picha yake. Iliyopo ni moja,
ya kitambulisho, aliyompiga Famau kwenye kijichumba chake:
"Bi Barike, usitikisike. Usipumue."
Naye akatii, mara ya kwanza na ya mwisho.
Tazama: mdomo umebanwa, macho kama ya kuazima.
Kilembwe anauliza, huyu nani?

Kosa hili nalijua. Ndiyo kazi yangu.

Bara, katika mji usio na bahari,
nafuga fuwele za protini,
ile ya ute wa yai, ndugu wa ile iliyomo machozini
itoboayo vijidudu kabla havijalivamia jicho.
Naiopoa fuwele kwa kitanzi chembamba kama unyusi,
naitosa katika nitrojeni ya maji,
nyuzi mia na sabini na ushei chini ya sifuri.
Inatulia tuli.
Kisha eksirei, kisha madoa, kisha hesabu za usiku kucha,
kisha ramani: kila tawi mahali pake,
hata matone ya maji yameketi kwa adabu
kama watu waliokuja posa.

Ramani nzuri. Niliipenda.
Mwaka juzi nikapiga nyingine, kwa joto la chumbani,
na lile tawi nililoandika kwamba liko kushoto
lilikuwa kushoto na kulia,
likienda likirudi, kama mkono wa shangazi yangu
akihesabu chenji huku anasimulia ya jirani.
Baridi ndiyo iliyolichagulia upande.
Baridi iliubana mwili mzima,
kidogo tu, sehemu moja katika mia, labda mbili,
ikaziba kijitundu ambamo kitu kidogo kingepenya.
Nami nilikwisha kuandika: hapana mlango.

Siitukani barafu.
Mwali wa eksirei unaunguza;
fuwele yenye joto hufa na neno mdomoni.
Na usipoitia gliserini kabla ya kuigandisha, maji hufanya miiba,
hupasuka, kama ile chupa Twalibu aliyoijaza pomoni
akaonja kofi.
"Sukari, mwanangu! Ukwaju bila sukari hugeuka jiwe."
Aliyesema hivyo aliishia darasa la pili.
Mimi nimelipa karo miaka mitano
nikaambiwa yayo hayo.

Alasiri Famau akaja na mkongojo wake,
na bahasha iliyoliwa pembe na mende.
"Hii iliharibika. Sikumpa, niliona haya."
Alikuwa ametikisika.
Uso mmoja unamgeukia mtu mlangoni, mwingine unacheka,
na katikati ya nyuso hizo ukungu,
na mkono, au mikono, haihesabiki.

Hakuna aliyeuliza huyu nani.
Mama alikaa chini palepale, juu ya gunia la mchele.
Jikoni wakaita, "Ndoo ule," hatukuondoka.

Tumeitundika iliyoharibika, juu ya friji.
Ile iliyotulia nimeitia mkobani.
Kesho twaihitaji benki.