Ng'ombe Mmoja, Ng'ombe Wengi

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Niko ofisi ya ushirika wa maziwa,
kompyuta juu ya meza yenye kigae chini ya mguu mmoja,
na daftari la Tusekile: miaka sita ya lita,
wino wa bluu, doa la samli, mistari ya rula.

Wiki iliyopita niliiandikia hifadhidata kwa mkono,
neno kwa neno, kama barua kwa bwana shamba.
Ingiza, nikaiambia, ng'ombe wa Gwakisa.
Ikagoma.
Ile alama inayoning'inia kwenye ng'
ilifunga sentensi kabla sijaimaliza,
"ombe" akabaki nje ya zizi, hana kichwa.
Nikacheka. Kisha nikakumbuka
wako mia nne na kumi na wawili.

Leo nimeweka kiunzi.
Kazi yake ukalimani: mimi nataja vitu,
hifadhidata inasikia majedwali,
na alama ya ng' inavuka salama, kama yai mfukoni mwa mtu makini.

Nikatangaza: kuna Mkulima.
Ana jina, ana kitongoji, ana simu isiyopatikana.
Kikaenda chenyewe kulitafuta jedwali lake,
kikarudi kinalalamika: hakuna "mkulimas".

Mkulimas!
Nimelitazama neno hilo mpaka chai ikapoa.
Kimefundwa kwamba wingi ni mkia,
herufi moja nyuma, basi.
Hakijui kwetu wingi hupitia mlango wa mbele,
m- anatoka, wa- wanaingia;
na ng'ombe, awe mmoja, wawe zizi zima,
habadili hata unywele,
hesabu yake anambebesha kitenzi: anakuja, wanakuja.
Nikakiandikia mstari mmoja wa adabu,
jedwali linaitwa wakulima.
Kikatii.

Halafu uhusiano. Mkulima ana ng'ombe wengi.
Ng'ombe ni wa mkulima mmoja.
Nikaegemea kiti, nimeridhika.

Tusekile akachungulia, koti linachuruzika sakafuni.
"Na Bahasha?"
Bahasha yupi?
"Mwenye baka jeupe usoni. Analala kwa Gwakisa,
ila ni wa Mama Ambwene.
Maziwa ya anayekata majani. Ndama wa kwanza wa mwenyewe,
wa pili watajuana.
Utamwandika wa nani?"

Nikafuta.
Kati ya wakulima na ng'ombe nikajenga jedwali la tatu,
jembamba, halina mtu wala mnyama,
lina kamba tu: nani, yupi, kwa haki gani.
Nikauliza: Bahasha, wakulima wako?
Majina mawili yakajitokeza kwenye kioo.

Nikamwita Tusekile aone uvumbuzi wangu.
Hakusema kitu. Alifungua daftari, akalamba kidole,
akageuza hadi mwaka wa kwanza.
Pembeni mwa Bahasha, kwa penseli iliyofifia,
herufi mbili na kistari: G–A.

Lilikuwepo.
Mimi ndiye niliyenakili wino peke yake.