Gunia la Unga Kwanza

Kwanza nilimzoesha kamba. Kamba tu,
ikilala shingoni kama nyoka asiye na haja na mtu.
Siku ya tatu akaacha kuitafuta kwa jicho.
Siku ya nne mimi ndiye niliyejisahau,
nikamfunga mlangoni, akaung'oa mlango.

Kaka yangu Urmat alimwacha mwezi wa tisa,
akapanda basi la Moscow kwenda kubeba maboksi ghalani.
"Mpaka nirudi," alisema, "usimguse."
Mwezi wa kumi na moja akapiga simu: "Umeshamgusa?"
Nikasema bado. Mkono wangu ulikuwa ndani ya singa zake
hadi kifundo, palipo na joto kama la mkate.

Miaka miwili na nusu. Rangi ya chai iliyokolea.
Sikio moja lilinisikiliza mimi, la pili lilikuwa mlimani
ambako mama yake angali anafukua nyasi kwa kwato chini ya theluji.

Mama huyo Baba alimfunza kwa mjeledi na kwa siku moja,
na siku hiyo moja ikamvunja Baba nyonga.
Sasa hukaa dirishani, mkongojo magotini,
hugonga kioo nikikosea. Hugonga sana.
Nikiingia ndani hasemi kosa lilikuwa lipi.

Nikamtwika blanketi. Akalitupa.
Nikamtwika tena. Akalitupa, akalikanyaga,
akalinusa kama aliyejuta, au aliyetaka kujua kama limekufa.
Mara ya kumi na nne
(nilihesabu, sikuwa na kingine cha kuhesabu)
akalibeba hadi kisimani na kurudi.

Kisha gunia la unga, kilo ishirini na tano,
juu ya tandiko la babu lenye pua ya mbao.
Alilizunguka zizi zima akijifanya radi.
Kamba ikakatika, gunia likapasuka,
sote wawili tukawa weupe, tukakohoa,
tukatazamana kama wazee waliokutana msibani.
Mama hakunisemesha hadi jioni.
Wiki hiyo tulikula viazi.

Lijamu nililipasha moto kwapani kabla ya kumpa.
Chuma cha Januari huchuna ulimi.
Hilo sikufunzwa na mtu: nililamba bawaba nikiwa na miaka sita.

Ndipo ikaja theluji ya kufika kifuani,
theluji inayongojwa, maana humo hata hasira huzama
na anayeanguka huangukia godoro.
Nikatia mguu kwenye kikuku. Nikajipandisha.
Nikajikaza kama mtu anayengoja sindano.

Hakuruka.
Hakufanya lolote.
Alisimama, jiwe lenye pumzi,
nami juu yake, niliyejiandaa kuanguka tu,
sijui la kufanya nisipoangushwa.
Nikambana kwa visigino. Nikabembeleza. Nikatukana kidogo.
Jua likahama mlima mmoja.

Mlango wa nyumba ukafunguka.
Baba, bila kofia, mkongojo ukizama kila hatua,
akapita mbele yetu pasipo kututazama,
akashika njia ya mtoni kama mwenye safari yake.
Na yule farasi akanyoosha shingo,
akaunusa mfuko wa koti la Baba,
akamfuata.

Hatua moja. Ya pili. Mgongo ukachezacheza chini yangu
kama mtu anayetafuta kifungo gizani.
Mfukoni mwa Baba nikaona ukingo wa mkate mkavu,
nikazikumbuka zile alama za kila asubuhi kuelekea bandani,
buti mbili na kitundu kimoja,
nilizodhani ni za mwizi mchovu.

Hatukusemezana. Mtoni aligeuka, nasi tukageuka.

Usiku Urmat akapiga tena, mashine zikinguruma nyuma yake.
"Umempanda, najua. Ameshakuangusha?"
Baba alikuwa akinitazama, akitafuna.
"Mara mbili," nikasema.
Kimya. Halafu kicheko kirefu,
cha mtu ambaye huko nyumbani
kuna kitu chake bado kinamngoja.