Dakika Moja kwa Siku

Taa ya njano iliwaka Jumatatu,
ndogo kama kijipele,
na pikapu ya baba ikakataa kuzidi maili arobaini
kwenye mlima wa kutokea Logan,
malori ya maziwa yakitupita kwa honi na matope ya theluji.

Januari, bonde letu la Utah hufunikwa.
Hewa baridi hulala chini, hewa ya joto huikalia
kama kifuniko cha sufuria,
na moshi wetu, wa majiko, wa magari,
hubaki nasi, mgeni asiyejua kuaga.
Ndiyo maana kaunti inadai cheti.
Baba ana hadi mwisho wa mwezi.

Kuna pampu, nilikuja kujua,
ambayo kazi yake ni dakika moja.
Injini ikiamka baridi hunywa petroli kwa pupa,
haimalizi kuichoma;
pampu huipulizia ekzosi hewa safi
ili makombo yaungue njiani.
Kisha hunyamaza hadi kesho.
Kwa hiyo unalo jaribio moja kwa siku.
Ukizubaa, ngoja usiku mzima.

Verl Jeppson, baba yangu, miaka arobaini
alitambua ugonjwa wa trekta kwa sikio, akiwa mezani, akila mayai.
Masikio yamemtangulia kufa.
Sasa anavua glavu, anaweka kiganja kwenye madigadi,
anafumba macho.

Jumanne, kabla ya jua. Nawasha.
Anatikisa kichwa.
Nafungua boneti, napima: umeme unafika.
Si fyuzi. Si rilei.
Pampu imepewa chakula na imefunga mdomo.

Jumatano tunaipeleka kwa LaMar Thorup.
Inalala ndani ya karakana yake, karibu na hita,
na asubuhi pampu inanguruma kama simba wa sarakasi.
LaMar ananitazama vile watu humtazama
mtoto aliyesema ameona jini.
Anaandika hata hivyo: pampu mpya, vali mbili,
dola elfu mbili na mia nne.

Baba anaisoma karatasi, anaikunja mara nne.
"Mgonjwa anayepona mlangoni kwa daktari," anasema,
kwa sauti kubwa ya wasiojisikia,
"anaumwa baridi tu."

Ijumaa nafungua hosi gizani.
Spana inanata kwenye ngozi ya vidole.
Ndani, barafu, imechukua umbo la bomba,
laini, karibu nzuri.
Juu yake, penye sponji ya kuchuja hewa,
panya wamejenga:
sponji imetafunwa, maji yamepata njia,
na kiota kimetandikwa sufi ya bluu.

Skafu ya mama.
Tuliitafuta tangu mazishi,
hata chini ya viti.

Baba anaitia mfukoni mwa shati,
mavi ya panya na yote.
Hasemi kitu. Anaenda kuwasha jiko.

Pampu ilikaukia jikoni juu ya gazeti siku nzima,
nikiizungusha kama mkate.
Vali nilizigongagonga kwa mpini wa nyundo, kutu ikadondoka.
Sponji mpya ilikuwa dola kumi na moja.

Jumamosi. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Nawasha, na chini ya boneti kitu kinapiga yowe,
yowe refu, la mashine ya kukaushia nywele iliyokasirika.
Nahesabu. Hamsini na nane. Kimya.

Taa ya njano bado inawaka,
inataka asubuhi mbili zaidi ndipo iamini.
Na bonde, kwa hilo hakuna pampu;
mnara wa hekalu hauonekani tena.

Baba hajaondoa kiganja. Kimekuwa chekundu.
Baridi imekiua ganzi, hana hakika.
"Ilisemaje?" anauliza.

Nafikiria namna ya kusema kwa midomo tu.
Kisha naushika mkono wake, naugeuza,
nampulizia kiganjani, kwa nguvu,
hadi pumzi inaniishia.