Pindo la Safari

Kimario fundi simu aliniandikia
nyuma ya kipande cha karatasi ya mchoro:
Kilimanjaro hadi Winnipeg,
kilomita elfu kumi na tatu na mia tatu,
kama eropleni ingekuwa kunguru.
Lakini hakuna eropleni ya hivyo, akasema.
Kuna Addis, kuna Toronto,
kuna kukaa kwenye viti vya chuma na begi miguuni.
Jumla, saa ishirini na nane.

Futi kamba yangu ina sentimita mia na hamsini.
Nikajaribu hesabu kwa chaki pembeni mwa meza:
ni kuilaza mara milioni nane na ushei,
na kuinama kila mara kuiokota ncha.
Nikaifuta kwa kiganja.
Kulikuwa na suruali za watu zinasubiri.

Nikifungua saa moja, Double Road bado inafagiliwa,
kwa Aikande ni saa nne usiku, tena usiku wa jana.
Mimi nimeshaivaa Jumanne,
yeye ndiyo kwanza anaivua Jumatatu.

Gauni la kwanza la Nsia nililikata kwa vipimo vya simu.
Kifua ishirini na mbili, urefu ishirini na nne.
(Pima tena, mwanangu, usimbane mtoto pumzi.)
Kitenge cha samawati, vifungo sita vya Mbuyuni.
Ndege huenda siku moja na kidogo;
kifurushi kilikwenda wiki tisa.
Kililala wapi, hata posta hawajui,
na mtoto hakukisubiri. Mtoto alikuwa anarefuka.
Picha ikaja: magoti nje, mikono imekimbia viwiko,
anacheka, kalivaa hivyo hivyo
juu ya suruali ya baridi.

Tangu hapo simuulizi Kimario kilomita.
Umbali huu ni wa inchi:
mbili za posta, moja ya forodha,
moja ya Aikande kusema nitalifuata Jumamosi.
Nakunja inchi nne ndani,
nalishika pindo kwa mkono, uzi mrefu mrefu, mlegevu,
ili hata asiyejua sindano aweze kulifumua.

Jioni ndege ya KIA hunguruma nyuma ya mawingu ya mlima.
Wateja huinua nyuso.
Mimi natunga uzi.

Juzi imekuja picha ya gauni la pili, la kijani.
Pindo limefumuliwa lote.
Mashine zao za kufulia zimelipausha gauni
likawa kama jani la kahawa lililokosa mvua,
ila chini kuna utepe wa inchi nne,
kijani kibichi, kile cha dukani,
na mstari wangu wa chaki bado unaonekana.

Nsia anauliza kwa nini gauni lina rangi mbili.
Aikande kimya. Simu inakwaruza.
Mwambie, nikasema,
hapo chini ndiyo pamefika leo.