Sekunde Tatu Kabla

Bwana Pyo wa ghorofa ya chini
ana waya wa zamani unaokimbia kuliko wangu.
Picha humfikia yeye sekunde tatu kabla,
basi mguno wake hupenya sakafuni
nami bado namtazama mwanamke akikunja mwavuli,
sijui kuna nini cha kugunia.
Halafu najua.

Hivyo ndivyo tulivyoitazama, majuma manane,
Jumatano na Alhamisi, saa nne usiku, hapa Daejeon,
theluji nje ikijishauri ianguke au isianguke.

Ni tamthilia ya wawili walioachana.
Mwanamke ni karani wa vitu vilivyopotea, stesheni;
mwanamume amekuja kuulizia glavu moja.
Basi. Vipindi vinne vizima, glavu.
Anajaza fomu. Kalamu inakauka.
Anaombwa aijaze upya.

Mama anamenya vitunguu saumu juu ya gazeti:
"Hawa si waseme wamalize?
Mimi na baba yako tulichumbiana na kuoana
kwa muda ambao huyu anavua koti."

Dada yangu Ye-rim ananiandikia kutoka Ulsan:
nimesinzia kipindi cha tatu, nimeamka cha tano,
bado wamesimama kwenye ngazi ileile.

Na Bong-hwi wa idara ya hesabu,
mtu asiyelia hata mshahara ukichelewa,
alikuja kazini Ijumaa macho yamemwiva,
akasingizia vumbi.
Vumbi gani, mwezi wa theluji?

Mimi sikuchangia neno. Kimya chao nakijua.
Nimekaa ndani yake miaka sita na Woo-gyeom,
tukipeana chumvi kwa adabu
kama wageni wa hoteli moja.
Hatukugombana. Laiti tungegombana.
Siku ya kutia sahihi alinishikia mlango,
nikasema asante,
akasema, "Angalia, kuna barafu."
Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu: kuna barafu.
Mwandishi yeyote angeyafuta.
Huyu wa glavu, labda, angeyaacha.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema mama,
akimsema wa kwenye televisheni, au mimi.
Kweli hayazoleki.
Ila mbao hufura, na mlango
hukataa kufunga mpaka msimu mwingine.

Kipindi cha mwisho.
Glavu imepatikana. Ilikuwa droo ya chini tangu siku ya kwanza,
na karani alijua.
Mama ameacha kumenya.
Treni imeingia, mwanamume ana mguu mmoja ndani,
nami nasubiri mguno wa Bwana Pyo
unitangulie kama kawaida, niuandae uso wangu.

Moja.
Mbili.
Tatu.

Hakuna.

Nikaingia peke yangu, bila wa kunitangulia.
Mwanamke akauliza, "Umekula?"
Mwanamume akajibu, "Nimekula,"
na sote tuliokuwa macho usiku ule tulijua hajala.
Milango ikajifunga. Majina yakaanza kupanda.

"Ndiyo mwisho?" mama akauliza,
kama mtu aliyepunjwa chenji sokoni.
"Ndiyo."
"Wapumbavu."
Kisha akainua punje moja nyeupe, akaigeuzageuza kwenye mwanga.
"Yule wako alizila mbichi," akasema.
Miaka miwili alikuwa hajamtaja.

Asubuhi lifti ilisimama ghorofa ya nane,
akaingia Bwana Pyo na mfuko wa chupa tupu,
soksi moja ya kijivu, moja ya buluu.
Miaka minne tumezungumza hali ya hewa tu.
Saba. Sita. Tano. Chupa zikigongana kidogo.
Tulipofika ya tatu akauliza, akiutazama mlango,
"Mbona hakugeuka?"

Sikujua anamsema yupi.
"Labda kila mmoja alimwachia mwenzake," nikajibu.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, polepole mno,
mama angesema, huyu naye.
Tukatoka. Nje barafu ilikuwa imeshika ngazi zote.
Nikamwambia.